Volyumu ya Baba Kwenye Nane

Jumanne, 3 Juni

Nimesahihisha karatasi arobaini za kidato cha tatu kabla ya chai. Swali la mkondo wa umeme wamelifanya vibaya wote, hata wale ninaowategemea. Nitalirudia muhula ujao. Upepo wa leo unapitisha vumbi hata chini ya mlango. Mtaa wetu wote wa Makole umegeuka rangi ya biskuti.

Swai kaanza tena kwenye kundi letu la WhatsApp la wapenda muziki. Huyu bwana alihamia Dodoma na wizara yake, anafanya kazi kwenye mji wa serikali kule Mtumba, na tangu aje hatujapumua. Leo kaandika kwamba kupunguza sauti kwa namba, ndani ya kigeuzi, hakuna madhara yoyote, na kwamba wanaopenda kizungusho cha mkono wanapenda tu kushika kitu. Kanitaja jina! "Mwalimu Perisi atabisha."

Nimebisha. Kigeuzi ni kile kiboksi kinachopokea namba kutoka kwenye flashi na kuzigeuza kuwa umeme wa sauti. Ukipunguza volyumu humo ndani, unagawanya zile namba. Sauti kubwa ukiigawa inabaki kitu. Sauti ndogo ukiigawa sana inabaki sifuri, na sifuri haiimbi. Kizungusho cha mkono hakigawi namba, kinabana umeme tu, kama bomba la maji. Nimeyaandika yote hayo nikiwa nimesimama, karatasi za watu zimeanguka chini.

Kajibu kwa kialama kimoja tu cha uso unaocheka. Nimekereka kupita kiasi.

Jumatano, 4 Juni

Sijaandika habari za Jumamosi iliyopita. Niandike sasa.

Nilikwenda kijijini Mvumi kumfungia baba muziki. Spika mbili, amplifaya, na kigeuzi kidogo chenye rimoti na tundu la flashi. Nilikuwa na furaha ya mtoto siku ya Krismasi. Kwenye flashi nilimwekea kanda ya zamani ya kwaya yake, ile iliyorekodiwa kanisani mama akiwa hai. Nilihamisha mwenyewe kutoka kaseti. Kuna wimbo wa mavuno alioutunga baba kwa Kigogo. Ubeti wa tatu wote wananyamaza, mama peke yake anashika sauti ya pili kwa kuvumisha tu, mdomo umefungwa. Ndogo sana. Kaseti nzima nilihamisha kwa ajili ya pale.

Sasa, amplifaya ina kizungusho chake na kigeuzi kina rimoti yake. Nikasema mzee wa miaka sabini na minne asichanganywe na volyumu mbili. Nikafungua kizungusho cha amplifaya mpaka mwisho, nikakibandika gundi ya karatasi, ile ya utepe, kisiguswe. Atumie rimoti tu, kaa kwenye kiti bonyeza. Nilijiona nina akili.

Nyumbani kwa baba redio haijawahi kupanda juu ya hodi. Ndiyo sheria ya tangu tukiwa wadogo. Mgeni akipiga hodi nje ya ua na usimsikie, umemfukuza. Kwa hiyo nilitoka nje, nikasimama kwenye ua, nikaita "Hodi!" na baba ndani akashusha rimoti mpaka aliponisikia vizuri. Ilikaa kwenye nane. Nane kati ya mia.

Akasikiliza. Ubeti wa kwanza, wa pili. Wa tatu ukaja, akainamisha kichwa. Ukapita. Akasema, "Mama yako hayumo humu."

Nikamwambia yumo baba. Akarudisha. Akasikiliza tena. Akazima mwenyewe. "Basi ni mimi."

Nilidhani ni majonzi. Miaka sita tangu mama afe si mingi.

Ijumaa, 6 Juni

Baba kapiga simu asubuhi, mwalimu wa hesabu kanishikia darasa.

Anaacha kwaya. Jumapili ya tarehe 22 anakabidhi. Barua keshaandika. "Mwalimu wa kwaya asiyesikia sauti ya pili ni sawa na mchungaji asiyeona mbuzi. Masikio yameisha, mwanangu. Nisije nikawaharibia watu ibada."

Miaka thelathini na nane kaifundisha ile kwaya. Alistaafu ualimu, hakustaafu kwaya. Mama alipokufa, wiki iliyofuata alikuwa mazoezini. Sijui atakuwa anafanya nini Alhamisi jioni.

Nimelia kwenye choo cha walimu. Nikanawa uso. Nikaingia darasani.

Jumamosi, 7 Juni. Mvumi, asubuhi

Nimefika mapema. "Mbukwenyi," baba kaniamkia kwa Kigogo kutoka jikoni, halafu mimi shikamoo, halafu uji wa uwele. Amekonda kidogo au naona tu mimi.

Naandika haya kwenye benchi la nje kwa furaha. Niseme kwa mpangilio.

Nilikuwa nyuma ya nyumba napepeta karanga. Baba yuko sebuleni, mlango umefungwa kwa ajili ya upepo. Akaita: "Perisi, kuku yuko kwenye mtama!" Nikaangalia. Kweli kuku yumo ndani ya gunia, anakwaruza polepole kabisa. Mimi niliyekuwa hatua tano sikumsikia!

Mzee aliyefungiwa mlango kamsikia kuku ndani ya gunia. Na huyo ndiye masikio yameisha?

Nikakaa chini pale pale na ungo. Masikio ya uzee, kwa ninavyojua, huanza kupoteza sauti nyembamba, za juu. Kuvumisha kwa mama ni kwa chini, kunene. Kama baba angekuwa anapoteza kitu angepoteza sauti ya nyenje kwanza, si ya mama.

Basi kama si masikio, ni nini? Nikaingia ndani, nikaangalia vyombo. Nikaiona ile gundi ya karatasi.

Weee! Perisi wewe!

Nane kati ya mia. Mimi mwenyewe, bingwa wa kumbishia Swai, nimemfungia baba yangu volyumu ya namba na kuishusha mpaka sakafuni. Sauti ya mama kwenye ile kanda ni ndogo tangu mwanzo. Tuseme inapanda mpaka namba mia mbili, ambapo waimbaji wote pamoja wanapanda mpaka elfu thelathini. Kwa ngazi za rimoti ile, nane ni kama kugawa kwa mia mbili. Inabaki moja. Moja au sifuri. Nilimsaga mama mpaka akawa unga, halafu nikampa baba rimoti.

Ni makosa yangu. Na nimefurahi! Nimefurahi kwa sababu makosa yangu yanatengenezeka, masikio ya mtu hayatengenezeki. Naingia sasa hivi kubandua.

Jioni

Loh.

Nilibandua gundi. Nikapandisha kigeuzi mpaka mia, namba zote zipite nzima nzima. Nikashusha kizungusho cha amplifaya kwa mkono mpaka chini ya hodi. Lakini kwa kiwango hicho kizungusho kimebanduka tu kutoka mwanzo, upana wa punje ya mtama. Sikumwambia baba chochote, nilitaka iwe zawadi. Nikamwita akae.

Akasikiliza sekunde chache. Akashika sikio la kushoto. Akalisugua. Akageuka upande upande.

"Sasa na la kushoto limekwenda," akasema.

Nikasogea karibu na spika. Spika ya kushoto haitoi kitu! Ukizungusha kidogo inarudi, lakini hapo ni juu ya hodi. Ukishusha, kushoto inakufa kabla ya kulia. Kizungusho kile ni cha bei ya chini, ndani kina njia mbili ambazo huko mwanzoni hazilingani.

Nilifungua mdomo nimweleze. Akainua mkono. "Usinifariji. Nimekwisha kuona." Akachukua kofia akaenda kwa mzee wa kanisa, barua mkononi.

Ningeweza kumkimbilia. Sikumkimbilia. Niseme ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma: niliona aibu. Mwalimu wa fizikia, binti yake aliyesoma, kamtia uziwi mara mbili ndani ya wiki moja. Nilipanga nitengeneze kwanza, nieleze baadaye.

Jumapili, 8 Juni

Nimerudi Makole. Sikwenda kanisani. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Jumatatu, 9 Juni

Hasira. Kwa nani? Kwa gundi ya karatasi.

Jumatano, 11 Juni

Shule zimefungwa, nina muda wa kugombana. Swai kaniandikia pembeni, si kwenye kundi: "Mwalimu, siku hizi huna maneno. Unaumwa?"

Nimemjibu siumwi, nina ushahidi. Kwamba nimeona kwa macho yangu volyumu ya namba ikimfuta mtu mzima, mwimbaji halisi, kutoka kwenye wimbo. Sikumwambia ni nani.

Akasema njoo tupime. Jumamosi, kwangu, mchana. Yeye analeta kigeuzi chake, mimi naleta kizungusho changu, lile boksi nililolitengeneza mwaka juzi lenye swichi ya hatua hatua. Nisione kinachocheza. Raundi kumi. Nikiweza kutofautisha, atakiri kwenye kundi kwa jina kamili.

Nitamnyoa bila maji. Sijawahi kuisubiri Jumamosi namna hii tangu nikiwa chuo.

Jumamosi, 14 Juni

Kaja saa nane mchana na kigeuzi kimefungwa kwenye taulo, na mfuko wa ndizi za kwao. "Madam, leo ni leo." Nikamwambia asemaye kesho ni mwongo. Tukacheka. Halafu tukaacha kucheka.

Tumetundika kitenge katikati ya sebule, yeye na vyombo nyuma, mimi na kiti mbele. Kabla ya kuanza akatoa mita yake ya umeme akapima njia zote mbili, ya namba na ya mkono, mpaka zikalingana kabisa. "Kikicheza kwa nguvu kidogo tu," akasema, "sikio linasema ndicho kizuri. Hapo tutadanganyana." Hilo nalijua, ningelifanya mwenyewe. Ila alilifanya kabla yangu, ikaniuma.

Raundi kumi. Nilifumba macho. Nilijibu kwa sauti kama mtu anayetoa hukumu. "Mkono. Namba. Namba. Mkono."

Nimepata nne.

Nne! Mbuzi angechagua kwa kwato angepata tano.

Nilidai kumi nyingine. Nikapata tano. Aka! Asiyekubali kushindwa si mshindani, basi nikasema, "Umenishinda." Nilisema kwa meno.

Swai hakunicheka. Nilimtegemea anicheke, nilikuwa nimejiandaa. Akakunja kitenge vizuri, akakaa. Akauliza: "Huyo mwimbaji aliyefutwa ni nani?"

Nikamwambia. Yote. Gundi, hodi, nane, sikio la kushoto, barua. Nilipofika kwenye "Basi ni mimi" nikavuta kile kitenge. Mtu ambaye nimemtukana kwenye kundi mwaka mzima, nimelia mbele yake na kitenge nimejifutia machozi.

Kisha akauliza maswali, moja moja, kama daktari. Kigeuzi cha mzee kina biti ngapi, yaani tarakimu ngapi za kuhesabia sauti? Kumi na sita, nikasema, cha zamani. Amplifaya ilikuwa wazi mpaka mwisho? Ndiyo. Kwenye nane, ukisogeza sikio kwenye spika unasikia nini?

Nikakumbuka. Shshsh. Ya kudumu.

"Basi tumekosea wote wawili," Swai akasema. Akatoa karatasi akachora. Chombo chake yeye kinahesabu kwa biti nyingi zaidi, kina nafasi kubwa chini, ukigawa kinabaki kitu, ndiyo maana sikusikia tofauti. Cha baba hakina nafasi hiyo. Na kuna jambo la pili ambalo mimi sikulifikiria: kigeuzi chenyewe kina shshsh yake. Ukipunguza namba, muziki unashuka, shshsh inabaki pale pale. Mama aliyebaki kidogo akafunikwa na hiyo. Ukipunguza baada ya kigeuzi, vyote viwili vinashuka pamoja, muziki unabaki juu ya shshsh yake.

"Kwa hiyo kizungusho cha mkono ndicho bora!" nimeruka.

"Kikiwa kizuri. Cha mzee kimeua spika ya kushoto." Akagonga karatasi. "Tatizo si namba wala mkono, Madam. Mzee anasikiliza chini, chombo kina nguvu nyingi mno. Kwa hiyo kila unachoshika, unakishika pembezoni kabisa, mahali ambapo hakuna chombo kinachofanya kazi vizuri. Punguza nguvu katikati ya njia. Halafu vyote viwili vitapanda vyenyewe mpaka kwenye nafasi yake."

Rezista, vile vipande vya kuzuia umeme, mbili kila upande. Nne tu. Ndani ya waya unaotoka kwenye kigeuzi kwenda kwenye amplifaya.

Nimefundisha kitu hicho hicho kidato cha tatu. Lile swali la mkondo wa umeme walilolikosa wote! Nimecheka mpaka Swai kaogopa. Nimepiga makofi. Nimemkumbatia, jamani, mtu wa wizara. Ndizi zote tumezimaliza.

Siku nane zimebaki.

Jumatatu, 16 Juni

Soko la Majengo. Fundi redio mmoja ana makopo ya maziwa yamejaa rezista, hajui nini kiko wapi lakini anajua kopo lipi. Kanitafutia moja moja akipima. "Dada, unatengeneza bomu?" Namtengenezea baba masikio, nikamwambia. Akanitazama kwa huruma.

Nimechomelea mchana kutwa. Waya wa kwanza niliubadilishia rezista kwa haraka yangu, ya mbele nyuma, ya nyuma mbele. Sauti ikashuka kidogo tu, haina maana. Nikabomoa. Wa pili nikaunguza kidole. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wa tatu umetoka safi, umenona katikati kama chatu aliyemeza panya. Mbaya kwa sura. Naupenda.

Jumanne, 17 Juni

Nimepima kwa mita. Kushoto na kulia zinalingana mpaka tarakimu ya mwisho. Nimekagua mara tatu. Tabasamu limegoma kutoka usoni, hata dada wa dukani kauliza kama nimechumbiwa.

Baba hapokei simu tangu jana. Anapokuwa na huzuni huiacha simu ndani ya kabati la vyombo.

Alhamisi, 19 Juni

Nimefanya jaribio la kufanana na la Mvumi. Amplifaya yangu na kigeuzi cha zamani cha biti kumi na sita nilichoazima kwa Swai (anavyo hata vya zamani, mnafiki!). Nikaweka volyumu ya chini ya hodi. Nikamwomba jirani atoke nje aite, akadhani nimerukwa na akili, akaita.

Bila waya wangu: kigeuzi kwenye nane. Ubeti wa tatu, shshsh tupu.

Na waya wangu: kizungusho cha amplifaya nusu, kigeuzi kwenye sabini na nne. Hodi inasikika vile vile. Ubeti wa tatu...

Mama.

Anavuta pumzi kabla ya kuanza. Sikuwahi kuisikia hiyo pumzi.

Nimezunguka sebule mara sijui ngapi. Nimempigia Swai ofisini, yuko kikaoni, kapokea kwa kunong'ona. Nikapiga kelele kwenye simu, "Yumo! Yumo!" Nadhani kikao kizima kimesikia.

Halafu furaha ikakaa kidogo na mawazo mengine yakaja. Leo ni Alhamisi, siku ya mazoezi. Baba leo kawafundisha akiamini ni mara ya mwisho. Nilikuwa naweza kumwambia tangu tarehe saba. Siku kumi na mbili nimemwacha mtu na uziwi usio wake kwa sababu nilitaka nionekane fundi.

Waya hautoshi. Inabidi niseme.

Jumamosi, 21 Juni. Mvumi

Swai kanileta kwa gari lake. Kasema anataka kumwona "mgonjwa". Njia nzima nafanya mazoezi ya kusema, yeye anafanya kama hasikii.

Baba alikuwa anatandaza mtama juani. Kamsalimia Swai vizuri, kamuuliza kwao wote hawajambo, wazazi wapo, mvua zilikuwaje Kilimanjaro. Mimi kanipokea mfuko bila kunitazama sana. Suti ya kesho ilikuwa imetundikwa dirishani, imepigwa pasi.

Nilimwomba aingie ndani akae. Mimi nikakaa kwenye kigoda, chini yake. Nikasema haraka kabla sijajishauri.

"Baba, naomba unisamehe. Masikio yako ni mazima. Chombo nilikifunga vibaya. Mara ya kwanza nilikosea bila kujua. Mara ya pili nilijua, nikanyamaza kwa sababu ya aibu."

Kuku anadonoa mtama nje, baba hata hakumfukuza.

"Mara ya pili ulijua," akasema.

"Ndiyo baba."

"Nimekwenda kwa mzee wa kanisa. Nimewaaga watoto wa kwaya Alhamisi. Wamelia. Nimelia mbele yao, Perisi. Mimi." Alisimama. Nilidhani ananipiga, na nina miaka arobaini na mmoja. Sijamwona na hasira ile tangu nivunje kinanda cha shule. "Ulikuwa na simu!"

"Nilikuwa nayo."

Swai aliinuka polepole akaenda kuangalia mtama.

Sikujitetea. Baba alizunguka chumba, akatoka, akarudi. Akasema maneno ya Kigogo ambayo siyaandiki. Mwisho akakaa, akafuta uso kwa kofia. "Haya. Funga hicho chombo. Kama unanidanganya tena, usirudi hapa mpaka mavuno mengine."

Nilifunga. Waya wangu ulionona, kizungusho nusu, rimoti mkononi mwake. Nikamwita Swai akapige hodi nje. Akapiga kwa sauti nzuri ya Kichaga. Baba akashusha, akashusha, akasimama. Sabini na moja.

Ubeti wa kwanza. Uso wake wa hasira bado.

Ubeti wa pili. Kidole kikaanza kupiga kwenye goti.

Wa tatu. Kwaya ikanyamaza. Ile pumzi. Kisha mama, chini kabisa, mdomo umefungwa.

Baba akainua mkono wa kushoto, vidole viwili. Ndivyo anavyowaita sauti ya pili, miaka yote. Mkono ukabaki juu mpaka ubeti ukaisha.

"Huyo," akasema.

Akarudisha. Akarudisha tena. Mara ya nne akaanza kuvumisha naye, sauti ya tatu, pole pole. Mimi nilikuwa nimebana mdomo kwa mikono miwili nisiharibu. Swai kwenye mlango anajifuta macho na tai. Mara ya saba baba akacheka, kicheko kikubwa cha mtu aliyepata kitu chake kilichopotea, akapiga goti, akasema, "Anachelewa kuingia! Nilimwambia kila siku, unachelewa kuingia!"

Furaha niliyonayo haiandikiki. Tumekula ugali na mlenda, ile mboga inayovutika, Swai kaupiga mlenda vibaya sana, uzi umemfika kwenye saa. Baba kamcheka mpaka kikohozi. Baada ya chakula kaniambia, bila kunitazama, nimletee maji ya kunawa. Nikaleta. Akanawa, akaniachia mkono begani muda kidogo. Hajasema amenisamehe. Sijamuuliza.

Saa kumi kavaa viatu, kaenda kwa mzee wa kanisa kuomba arudishiwe barua yake.

Jumapili, 22 Juni

Baridi. Upepo umetulia leo.

Barua iko kwenye mfuko wa koti la baba, imekunjwa mara nne. Mzee wa kanisa kairudisha bila neno. Hakuna tangazo lililosomwa.

Kabla ya ibada kulikuwa na mazoezi mafupi nyuma ya kanisa. Wanakwaya walipomwona na kitabu chake mkononi, walianza kuulizana kwa macho. Akawaambia simameni vizuri.

Sauti ya pili walikuwa wachache, wawili wana wagonjwa nyumbani. Akanionyesha kidole niende nikasimame nao. Sijaimba kwaya tangu sekondari. Nikaenda.

Tukaanza. Watu ishirini na kitu, tunaimba taratibu. Mstari wa nne baba akapiga makofi mara moja. Tukanyamaza wote.

Alikuwa mbali nami, upande wa pili, kwa wanaume. Akainamisha kichwa kidogo.

"Perisi," akasema. "Umeshuka."

Kweli nilikuwa nimeshuka, kidogo tu, chini ya sauti ya wenzangu. Tukarudia tangu mwanzo.